Moyo Ulioachwa Juu ya Mti

Wasikilizaji wetu, jioni hii twataka kuwaeleza jambo lililotupata tulipokuwa tukisoma hadithi za Bara Hindi. Kitabu chenyewe ni Panchatantra, maana yake mafungu matano, nacho kilitungwa kwa lugha ya Kisanskriti zaidi ya miaka 1,400 iliyopita. Tulikifungua tukitazamia mambo mageni matupu. Lakini tulipofika fungu la nne tulishtuka, kama mtu aliyebisha hodi ugenini akafunguliwa mlango na nduguye.

Mna kima humo, akaaye juu ya mzambarau kando ya bahari. Kila siku humtupia mamba zambarau, hata wakawa marafiki. Mamba akampelekea mkewe matunda hayo. Mke akaonja, akawaza: Alaye vitu vitamu hivi siku zote, moyo wake una utamu gani? Akasema kwamba asipoupata moyo wa kima atakufa. Basi mamba akamchukua rafikiye mgongoni, na walipofika kilindini akamwambia kweli. Kima akajibu: Mbona hukuniambia mapema? Moyo wangu nimeuacha mtini.

Nani katika sisi asiyeijua? Ndiyo ile ya kima na papa, iliyosimuliwa Unguja, naye Edward Steere akaipiga chapa mwaka wa 1870. Hata punda wa dobi, asiye na moyo wala masikio, yumo kotekote. Ila kwa Wahindi amdanganyaye ni mbweha, na kwetu ni sungura, kama ilivyo desturi yake. Katika Kalila wa Dimna, kitabu cha Kiarabu cha Ibn al-Muqaffa cha karne ya nane, mamba amekuwa kasa.

Tofauti moja ilitushughulisha siku nyingi. Papa wa kwetu ametumwa: sultani wake ni mgonjwa, na dawa ni moyo wa kima. Mtumishi atakataaje? Tulipokuwa watoto tulimwonea huruma kidogo. Mamba wa Bara Hindi hana amri ya mfalme. Yeye yu kati ya mke na rafiki, nyumbani mwake mwenyewe, na twakiri kwamba hapo tulikiweka kitabu chini kwa muda.

Na mbona alisema kweli kabla hajafika kwake? Zamani tulimcheka, tukamwita mpumbavu. Kitabu chasema alimwambia ili kima apate kumwomba mungu wake kabla ya kufa. Sisi twadhani aliona haya pia. Mzigo ule ulikuwa ukimsemesha njia nzima, ukimshukuru kwa mwaliko.

Kima alipofika mtini hakushuka tena, ingawa mamba alisema yote yalikuwa mzaha tu.

Aliye na babu au bibi na amwulize usiku huu: katika hadithi yake, ni papa, ni mamba, au ni kasa?