Punguzo la Kodi Limfikie Anayeweka Akiba

Msikilizaji, kila inapokaribia Aprili 15, Wamarekani huhangaika na fomu za kodi. Leo nazungumzia kipengele ambacho wengi hukiruka: nafuu ya kodi ambayo baadhi ya majimbo humpa anayechangia akiba ya mtu mwenye ulemavu. Jambo hili linawahusu pia ndugu zetu waliohamia Michigan, Indiana na kwingineko.

Kwanza tuione sheria inayowabana watu hawa. Marekani, mtu mwenye ulemavu asiye na kipato cha kutosha hupata posho ya serikali kuu iitwayo SSI. Sharti lake ni kwamba mali yake isizidi dola 2,000, bila kuhesabu nyumba anayoishi na gari moja. Kwa wanandoa ni dola 3,000. Viwango hivyo havijapandishwa tangu 1989. Haba na haba hujaza kibaba, lakini huyu kibaba chake kikijaa anakatiwa posho, na bima ya afya ya Medicaid nayo huweza kuondoka.

Ndiyo maana mwezi Desemba 2014 Rais Obama alitia saini sheria ya ABLE. Sheria hiyo ina jina la Stephen Beck, baba kutoka Virginia aliyeipigania kwa miaka mingi kwa ajili ya binti yake, akafariki siku chache tu kabla haijasainiwa. Akaunti ya akiba inayofunguliwa chini ya sheria hiyo huweza kufikia dola 100,000 bila kugusa posho ya SSI. Faida yake haitozwi kodi ikiwa fedha zimetumika kwa mahitaji yanayotokana na ulemavu: matibabu, usafiri, masomo, makazi. Mwanzoni ilikuwa ya wale tu waliopata ulemavu kabla ya kutimiza miaka 26. Tangu Januari 2026, umri huo ni 46.

Ili kuvutia wachangiaji, majimbo yakaongeza nafuu yao, kila moja kwa namna yake. Michigan inamruhusu mtu asiye na mwenzi kuondoa hadi dola 5,000 kwenye mapato yanayotozwa kodi. Kodi ya jimbo hilo ni asilimia 4.25, kwa hiyo aliyeweka dola 1,000 anaokoa dola 42 na nusu. Indiana, tangu 2024, inapunguza kodi yenyewe: asilimia 20 ya mchango, kikomo dola 500. Dola 1,000 zilezile zinamwokolea mtu dola 200.

Indiana imepiga hatua, lakini hebu mfikirie mwenye akaunti mwenyewe. Kama anaishi kwa SSI peke yake, posho hiyo haitozwi kodi. Hadaiwi chochote, kwa hiyo hakuna cha kumpunguzia. Akijibana akaweka dola 20 kila mwezi, nafuu yake ni sifuri, Michigan na Indiana pia. Mjomba mwenye mshahara mnono akiweka dola 2,500, Indiana inamrudishia 500.

Simlaumu mjomba. Mchango wake unahitajika, na jimbo likimtia moyo ni jambo jema. Ninachokataa ni mpango wa akiba kumtunuku kila mtu isipokuwa yule ulioandaliwa kwa ajili yake.

Oregon imeonyesha njia nyingine. Mwaka 2020 ilianza kutoa punguzo ambalo mtu hulipwa hata kama hadaiwi kodi. Mwenye kipato kisichozidi dola 30,000 hurudishiwa mchango wake wote hadi kufikia kikomo, ambacho mwaka ule kilikuwa dola 150 kwa mtu mmoja na 300 kwa wanandoa. Mwenye kipato kinachozidi dola 250,000 hurudishiwa asilimia 5 tu. Dosari yake ni kwamba mwenye akaunti lazima awe chini ya miaka 21, kana kwamba ulemavu hukoma mtu akishakuwa mtu mzima.

Yupo atakayeuliza: kwa nini umpe punguzo la kodi asiyelipa kodi? Kwanza, katika majimbo mengi analipa kila anapoingia dukani. Pili, lengo la nafuu hii si kupunguza kodi. Lengo ni kukuza akiba. Dola 150 haziongezi kitu kwa mwenye kipato cha juu, ambaye angeweka akiba hata bila kubembelezwa. Kwa anayeishi kwa posho, ni sehemu ya bei ya kifaa cha kusikia, au matengenezo ya kiti cha magurudumu.

Nanyi wenye familia huko, kabla ya kufungua akaunti ulizeni kwanza: yapo majimbo yanayotoa nafuu kwa anayejiunga na mpango wa jimbo lake tu.

Kwa wabunge wa majimbo, ushauri wangu ni huu: chukueni utaratibu wa Oregon, ondoeni kikomo cha umri, na fedha hizo ziingizwe moja kwa moja kwenye akaunti ya mhusika. Jimbo likitaka watu wenye ulemavu waweke akiba, limlipe anayeiweka. Hayo ndiyo maoni yangu.