Nyuki Ana Chaguo Lake

Leo tunamfuata nyuki, kwani ua analolichagua huamua mmea upi uzae.

Jua likishapanda, simama ubavuni mwa mzinga, usizibe mlango. Tazama vibonge vya chavua miguuni mwa wanaorudi: huyu wa manjano, yule wa rangi ya chungwa. Ni nadra mmoja kuchanganya. Akianza na ua la aina fulani, safari nzima hushikilia aina hiyo. Ni heri kwa mmea, maana chavua ya muwati haizalishi parachichi.

Mparachichi nao una vituko. Ua la aina ya Hass hufunguka asubuhi likiwa jike, hujifunga, kisha kesho yake mchana hufunguka likiwa dume. Aina ya Fuerte ni kinyume: jike mchana, dume asubuhi inayofuata. Ndiyo sababu Fuerte chache hupandwa katikati ya Hass. Baridi ya Njombe huvuruga ratiba hiyo, na nyuki naye baridi ikizidi hatoki.

Tena nyuki hana mkataba na mkulima! Akipata chakula kizuri, huwachezea wenzake ngoma inayoonyesha kilipo; Karl von Frisch aliyeifasiri alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Ua la mparachichi si tamu kuliko yote. Jirani kukichanua kitamu zaidi, kundi huhamia huko. Kwa hiyo peleka mizinga shambani maua yakishaanza kufunguka; ukiwahi, nyuki watazoea kwingine.

Porini mambo ni hayohayo. Mmea ulio mwingi hupata wageni wengi. Ulio adimu hutembelewa mara chache, wakati mwingine na mdudu aliyebeba chavua isiyoufaa, basi mbegu hupungua. Kule Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, zipo okidi nyingi. Duniani baadhi ya okidi humhadaa mdudu, hazimpi kitu, naye akishatambua huziruka. Kuchimba viazi vya okidi za Kitulo, vinavyotengenezewa chakula kiitwacho chikanda, kwa soko la Zambia huzipunguza zaidi.

Tukirudi shambani, ukilazimika kupuliza dawa, kagua na chini ya miti. Magugu yaliyochanua pale nayo yana nyuki. Yafyeke kwanza, kisha ngoja jioni, nyuki wakisharudi mzingani.