Walawi Waliokimbilia Mashamba Yao

Masomo: Nehemia 13:4-13, 2 Wafalme 5:15-27

Nawasalimu ninyi mulio nyumbani, ninyi mulio njiani kwenda shambani na sokoni, na zaidi ninyi mulio vitandani hospitalini, maana najua kuna infirmiye mmoja anayewawekea radio karibu na dirisha. Mungu ambariki.

Leo nasema juu ya mshahara wa daktari. Mtu atasema, "Pasta, hayo ni mambo ya sendika, si ya mimbara." Musikilize kwanza.

Miezi michache iliyopita kijana mmoja wa kanisa letu alinijia usiku. Ameniruhusu niseme habari zake bila jina. Alikulia katika kwaya yetu. Baba yake aliuza ng'ombe, kisha akauza shamba, ili mtoto amalize udaktari, na udaktari si masomo ya mwaka mmoja. Alipopata diploma tulifanya ibada ya shukrani, mama yake akacheza mpaka kitambaa kikaanguka. Sasa ni mwaka wa nne anatumika katika hospitali ya Leta, na hana namba ya matrikule. Yeye Serikali haimjui: mshahara hapana, primu ya hatari hapana. Anagawiwa kidogo katika pesa ambazo wagonjwa wamelipa mwezi ule, na mwezi ambao wagonjwa hawakulipa, hakuna cha kugawa. ONG moja ikamwita: mkataba wa miezi sita, kwa dola, kazi ya ofisini, kuandika ripoti. Akaniuliza, "Baba Pasta, niende ao nibaki?"

Nilimjibu haraka, kama tunavyozoea sisi wachungaji. "Baki, mwanangu. Huo ni wito. Mungu atatoa."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa heshima sana, "Mungu atatoa kwa mkono wa nani, Baba?"

Sikuwa na jibu. Tuliomba, akaenda. Usiku ule usingizi ulinikataa, maana nilikumbuka kwamba siku ile ile wazee walikuwa wameniletea bahasha yangu ya mwezi.

Sasa tuingie katika Neno. Nehemia alikuwa amekwenda kwa mfalme kule Babeli. Aliporudi Yerusalemu alikuta Walawi na waimbaji hawako hekaluni, kila mmoja amekimbilia shamba lake. Kwa sababu gani? Andiko halisemi kwamba walipenda dunia. Linasema hawakupewa sehemu yao. Mlawi naye ana watoto, na watoto hawali nyimbo. Kisha muangalie Nehemia anagombana na nani. Anagombana na wakubwa, anawauliza sababu gani nyumba ya Mungu imeachwa. Kwa Walawi hakuna neno hata moja la kukemea. Anawakusanya tu na kuwarudisha mahali pao.

Sisi tunafanya kinyume. Daktari akienda ONG, tunasema anapenda pesa. Akifungua klinike yake, tunasema amekuwa mfanyabiashara. Akienda Afrika Kusini ao Ulaya, tunasema amesahau ndugu zake. Madaktari wakigoma, tunawalaani madaktari. Nani kati yetu amekwisha kuwauliza wakubwa?

Na tusome vizuri. Chumba cha zaka hakikuwa tupu kwa sababu ya njaa katika nchi. Kuhani Eliashibu alikuwa amempa Tobia chumba kile, naye Tobia akaingiza vyombo vya nyumba yake mahali palipokuwa pa sehemu ya Walawi. Mwaka 2001, kule Abuja, wakubwa wa nchi za Afrika waliahidi kwamba kila nchi itaweka asilimia 15 ya bajeti yake katika afya. Nchi yetu haijafika hapo. Chumba kipo, wapendwa. Nani analala ndani yake?

Munajua hospitali ambayo Serikali haiilipi inaishi kwa nini? Inaishi kwa mgonjwa. Mama anapasuliwa ili azae, anapona, mtoto analia, haleluya! Kisha inakuja fakture. Bwana yake hana kitu. Basi mama anazuiliwa, wiki mbili, wiki tatu, analala chini kwa sababu kitanda kimepewa mwingine, kidonda bado kibichi. Tunasema daktari hana huruma. Lakini fakture ile ndiyo unga wa watoto wa daktari. Wawili hawa wamefungwa kwa kamba moja: mmoja hawezi kula mpaka mwingine alipe. Aliyewafunga hayupo katika wodi.

Ninyi madaktari munaonisikia, musifurahi haraka. Somo letu la pili ni lenu.

Elisha alimkatalia Naamani zawadi yake. Gehazi akakimbia nyuma ya gari. Muangalie alivyoomba: hakusema "nipe mimi". Alitumia jina la bwana wake, akatunga habari ya vijana wawili waliofika kwa ghafula, akapokea, akaficha ndani ya nyumba, kisha akaja kusimama mbele ya Elisha kama mtu ambaye hakwenda popote. Gehazi yuko katika koridoo za hospitali zetu. Ni yule anayemwambia mgonjwa kwamba mashine imekufa, lakini jioni uje kule kwenye klinike yangu, na mashine ya hospitali ni nzima. Ni yule ambaye kisu chake hakitoki mpaka bahasha ipite chini ya meza. Dokta, mshahara usiolipwa ni dhambi ya yule asiyekulipa. Haukupi ruhusa ya kumkamua mjane.

Tusichanganye mambo. Kufungua klinike, kuandika bei mlangoni, kulipa watumishi wako vizuri, hiyo ni kazi kama kazi nyingine. Paulo alishona hema. Kutumika asubuhi kwa Leta na jioni kwako, kama wakubwa wako wanajua na zamu yako haikuibiwa, mimi sioni kosa. Kosa la Gehazi ni kukimbia kwa siri na kutumia jina la mwingine.

Najua kuna mtu anawaza, "Na Daktari Mukwege?" Tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste, alisoma mpaka Ufaransa, angeweza kubaki kule, akarudi Lemera. Hospitali ya Lemera ilishambuliwa mwaka 1996, wagonjwa wakauawa. Mwaka 1999 Panzi ikaanza, na mwaka 2018 akapewa tuzo ya Nobeli ya Amani. Lakini tusichukue mfano wake kama fimbo ya kuwapiga vijana. Panzi haikusimama kwa moyo wa mtu mmoja tu. Kanisa lilikuwa nyuma yake, na Wapentekoste wa Uswidi walitoa sadaka zao. Kuna watu waliojibu swali la kijana wangu: kwa mkono wa nani.

Na sisi je? Sisi wachungaji tunapenda sana Malaki 3, mstari wa 10, pale penye zaka na madirisha ya mbinguni. Nimeuhubiri mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mstari wa 5 wa sura ile ile Mungu anasema atakuwa shahidi juu ya wale wanaomdhulumu mfanyakazi mshahara wake. Huo sijauhubiri hata mara moja, na katika sentre ya afya ya parokia yetu wenyewe kuna infirmiye tuliyekaa miezi mitano bila kumlipa. Tulimwambia naye kwamba ni wito. Wiki jana wazee wamemlipa miezi mitatu. Bado miwili.

Nilirudi kwa yule kijana kumwomba msamaha. Alikuwa amekwisha kusaini na ile ONG. Nilimwombea baraka, nikamaanisha. Wodi yake sasa imebaki na daktari mmoja wa usiku, na huyo naye hana matrikule.

Wazee wamekubali mambo mawili. Kwanza, barua kwa wakubwa wa afya wa jimbo, yenye sahihi za makanisa yetu yote ya mji, juu ya wale wasio na matrikule. Wanne kati yetu wataipeleka kwa mkono na kungoja jibu. Pili, mituele ya afya: kila nyumba ichange kidogo kidogo kabla ya ugonjwa, ili hospitali ilipwe na mama asizuiliwe. Mashemasi watakuwa mlangoni siku ya Yenga na daftari. Muje na majina ya watu wote wa nyumba, hata mtoto wa juzi.

Yule daktari aliyebaki anasali kwetu, benchi ya nyuma, Yenga ambayo si zamu yake. Mukimwona anasinzia wakati wa mahubiri, mumuache alale.

Tuombe.