Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Mapango ya Matumbi na Maji ya Vijiji Vyetu

Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu, Dar es Salaam

  

Kamati imeniomba nizungumze juu ya wageni wanaopanda milima yetu kutazama mapango. Nina jambo moja tu, na nalisema mapema ili atakayesinzia asilikose. Kabla ya geti na kabla ya bango la barabarani, fedha ya kwanza tutakayochanga iende kwenye vyoo na kwenye ulinzi wa chemchemi zetu. Sasa nieleze kwa nini.

Mgeni anayetaka kufika kwetu huacha barabara kuu ya Lindi pale Njia Nne, akapita Chumo na kupanda mpaka Kipatimu. Kuanzia hapo ni miguu. Anakutana na miti ya michungwa, mabonde ya ghafla, na mawe ya chokaa yenye ncha kali yanayokata viatu vya mjini. Akifika Nang'oma anaingia kwenye kiza ambacho hakijapata kuonja jua, juu popo, chini unyevu, na mawe yaliyoning'inia darini kama mishumaa iliyoyeyuka.

Hayo ni ya macho. Ya masikio ni makubwa zaidi. Wageni wengi wanaokuja wilayani kwetu huishia Kilwa Masoko, wakavuka kwenda Kilwa Kisiwani, wakarudi. Wanaondoka hawajaambiwa kwamba ni huku milimani, Nandete, ambako Julai 1905 wazee wetu waling'oa pamba ya Mjerumani, na vita vya Majimaji vikawaka hadi 1907. Hawajaambiwa kwamba Kinjikitile Ngwale, wa Ngarambe, alinyongwa Mohoro Agosti 1905. Wala hawajui kwamba mwishoni mwa 1916 na mwanzoni mwa 1917 majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipigana Kibata, huku vijiji vikiwa katikati ya mizinga ambayo havikuiagiza. Wazee wetu wanasimulia jinsi watu walivyojificha mapangoni vita vilipofika. Kwa hiyo yale si mashimo ya kuchezea. Ni nyumba zilizotuhifadhi.

Mambo hayo yana thamani, na wageni wataongezeka. Swali ni watatuacha vipi.

Ndugu zangu, naomba tuelewe jiwe letu. Mvua inaposhuka huchukua kaboni kutoka hewani na kwenye udongo, maji yakawa na ukali kidogo. Ukali huo hula jiwe la chokaa polepole, kwa maelfu na maelfu ya miaka. Ufa mdogo unakuwa mfereji, mfereji unakuwa pango. Ndiyo maana juu ya milima mama zetu wanahangaika na ndoo ilhali mvua imenyesha jana: maji yamezama. Yanatembea chini ya miguu yetu na kutokea mbali, bondeni, kwenye chemchemi.

Kwenye ardhi ya mchanga, maji machafu hupita taratibu na kuchujika njiani. Kwenye jiwe la chokaa hayachujiki hivyo. Yanapita kama kwenye bomba. Kinachotupwa au kuchimbiwa kwenye shimo la juu leo, kinaweza kutokea kwenye kisima cha bonde baada ya muda mfupi, kama kilivyo. Sasa piga picha ya basi moja la wanafunzi, watu hamsini, wamefika pangoni baada ya safari ndefu na hakuna choo. Watajisaidia wapi? Nyuma ya mawe, kwenye mashimo yale yale yanayonywesha vijiji. Wataondoka wamefurahi, na wiki inayofuata mtoto wa bondeni anaharisha, na hakuna atakayemlaumu mgeni kwa sababu hakuna aliyemwona.

Ndiyo sababu nasema choo kwanza. Wala si choo cha shimo tulichozoea. Fundi ajenge choo cha juu ya ardhi, chenye kasha la saruji lisilovuja, mbali na mdomo wa pango na mbali na kila shimo linalomeza maji ya mvua. Na pale chemchemi inapotokea, tuweke uzio, tupande miti, ng'ombe na wafuaji wapewe mahali pao upande wa chini.

La pili ni mwenendo ndani ya pango. Yale mawe yanayoning'inia huongezeka kwa sehemu ndogo ya milimita kwa mwaka. Kijana akivunja kipande cha urefu wa kiganja ili apeleke zawadi mjini, amevunja kazi ya mamia ya miaka, pengine elfu, na hakuna fundi wa kukirudisha. Mienge ya nyasi inapaka dari masizi, basi tutumie tochi. Na popo waachwe. Wapo wanaokula wadudu wengi kila usiku, na hiyo ni faida ya mkulima. Wapo pia wanaobeba magonjwa. Mwaka 2008 watalii wawili walipata homa ya Marburg baada ya kuingia pango moja lenye popo nchini Uganda, na mmoja wao alifariki. Sisemi hayo kuwatisha. Nasema mgeni asiguse popo wala kinyesi chao, na asiingie bila kiongozi aliyefundishwa.

La tatu ni fedha. Kuna wanaosema mapango yakijulikana, faida ataila mtu wa mbali. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake tunayo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi ya kijiji, na kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo zake. Tusiende mbali kutafuta mfano: Kikole na Kisangi, vijiji vya wilaya hii hii ya Kilwa, mwaka 2009 vilipata cheti cha kimataifa cha kuvuna misitu kwa uangalifu. Kama jirani ameweza kusimamia mpingo wake, sisi tunashindwaje kusimamia njia ya kwenda pangoni? Kiingilio kikatwe risiti, mapato yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na vijiji vya bondeni vinavyokunywa maji yale navyo vipate sehemu, hata kama pango haliko kwao.

Najua wapo wenzangu kwenye kamati wanaopenda tuanze na geti na bango, wakisema mgeni asiyejua njia hatakuja. Nawaheshimu. Lakini bango linaita watu. Ukiita watu nyumbani kabla hujafagia uwanja wala kuteka maji, aibu si ya mgeni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji augue.

Kwa hiyo ombi langu kwenu mlio mjini ni la vitu vinavyoshikika. Anayeweza mfuko wa saruji, aandike mfuko. Anayeweza bati, aandike bati. Vijana watano wakichangia tangi moja la kuvuna mvua ya paa la choo hicho, wameshatoa maji ya kunawa. Fundi atoe siku zake. Mwalimu aliyestaafu ajitolee kuwafundisha viongozi wa wageni habari za Nandete na Kibata, ili zisimuliwe na wenyewe. Mweka hazina ana daftari pale mlangoni, na mwakani katika kijitabu hiki tunatarajia kusoma kila jina na kila mfuko ulipokwenda.