Kambi za Likizo kwa Watoto wa Wazazi Wenye Saratani

Saratani ya mzazi hubadilisha ratiba ya nyumba nzima. Siku za kliniki ndizo zinazoamua nani atapika, nani atampeleka mdogo shuleni na kama ada ya muhula italipwa. Wageni wanaokuja kumjulia hali mgonjwa humpita mtoto mlangoni, na akiulizwa chochote, huulizwa mama anaendeleaje. Mtoto mkubwa, hasa wa kike, hugeuka mlezi wa wadogo zake kabla ya wakati. Mdogo wa miaka sita au saba anaweza kuamini kwamba ugonjwa umeletwa na ukaidi wake, au kwamba akimkumbatia mama naye ataambukizwa, na kwa kuwa hakuna anayezungumza naye, hakuna wa kumtoa wasiwasi. Kambi zinazojadiliwa hapa ziliundwa kwa ajili ya mtoto huyo, mzima wa mwili, ambaye hospitali haina faili lake.

Zisichanganywe na kambi za watoto ambao wenyewe wanaugua, kama ile iliyoanzishwa na mwigizaji Paul Newman katika jimbo la Connecticut mwaka 1988. Kule mahitaji makubwa ni madaktari, dawa na vifaa. Huku kinachohitajika ni watu, na watoto wanaohusika ni wengi kuliko inavyodhaniwa: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010 ulikadiria kuwa watoto milioni 2.85 nchini humo waliishi na mzazi aliyewahi kupata saratani, na kati yao 562,000 wazazi wao walikuwa katika hatua za mwanzo za ugonjwa na matibabu.

Mfano unaojulikana zaidi ni kambi za Kesem za Marekani. Shule za huko hufungwa kwa zaidi ya miezi miwili katika majira ya joto, na tangu karne ya 19 ni desturi kuwapeleka watoto kambini: vibanda vya mbao kando ya ziwa, vitanda vya dabodeka, kuogelea, kulenga shabaha kwa upinde, nyimbo kuzunguka moto. Ada ya kambi hizo si ndogo, na familia yenye bili za hospitali huanza kupunguza matumizi hapo. Mwaka 2000, katika Chuo Kikuu cha Stanford, California, mwanafunzi Iris Rave na wenzake walianza kupanga kambi isiyotoza ada. Ilifanyika kwa mara ya kwanza kiangazi cha 2001, ikiwa na watoto 37. Wazo hilo limeenea katika vyuo vikuu vingi vya nchi hiyo, na kambi ya wiki moja hupokea watoto wa miaka 6 hadi 18 ambao mzazi anaugua, amepona au amefariki.

Wanafunzi wa chuo ndio wanaoiendesha. Huchangisha fedha mwaka mzima, husajili watoto, hupanga michezo, kisha hulala nao vibandani. Wauguzi na mtaalamu wa afya ya akili huwapo, lakini mtoto anaweza kumaliza wiki nzima bila kukaa mbele ya mshauri nasaha hata mara moja. Wazazi wengine hushangaa wanapoambiwa hivyo, kwa kuwa walitegemea matibabu ya huzuni, na mtoto anarudi na nguo zilizotapakaa rangi na sauti iliyokauka kwa kuimba.

Siku ya kwanza kila mtu, mtoto na mlezi, hujichagulia jina la kambi: la tunda, la mnyama, la kitu chochote kinachochekesha. Linaonekana jambo dogo, lakini mtoto ambaye mtaani anajulikana kama yule ambaye mama yake anaumwa huwa na juma zima la kuitwa jina lisilobeba habari hiyo. Usiku, taa zikikaribia kuzimwa, kila kibanda huwa na mazungumzo mafupi. Mlezi huuliza swali jepesi, pengine la chakula au la mchezo wa mchana, na maswali huenda yakiongezeka uzito kadiri siku zinavyopita. Katikati ya juma wote hukaa duara, na anayetaka husema kilichomleta. Asiyetaka hunyamaza, wala hasukumwi. Mtoto wa miaka tisa husikia mwenzake akisema baba yake alinyonyoka nywele zote, au kwamba mama yake alifariki kabla ya Krismasi, na huenda ikawa mara ya kwanza kusikia maneno ya nyumbani kwao yakitoka kinywani mwa mtoto mwingine. Wapo wanaolia. Kinachofuata hupangwa kwa makusudi kuwa cha utulivu, mfano kuchora, ili asiende mtu kulala akiwa na donge kooni.

Nguvu ya kambi, kwa hiyo, imo zaidi katika muundo wake kuliko katika hotuba yoyote. Saa nyingi ni za mchezo, chache ni za maneno, na hizo chache zinawezekana kwa sababu ya zile nyingi. Mtoto halazimiki kueleza kwa nini yuko hapo, kwani kila aliyepo anajua. Kambi inayogeuza uwiano huo na kuwa semina ya huzuni itakuwa na wazungumzaji wazuri na watoto waliochoka.

Ushahidi wa kitafiti kuhusu manufaa ya kambi hizi bado ni mdogo. Tathmini nyingi hutegemea madodoso ya wazazi na watoto wenyewe, na chache zina kundi la kulinganisha. Tena juma moja ni fupi: mzazi anaweza kufariki Novemba, na kambi ni mwezi wa Julai. Ndiyo maana matawi ya Kesem yaliyo imara hukutanisha familia katikati ya mwaka na kutuma kadi za kuzaliwa na za pole. Mtoto anayerudi kila mwaka mwishowe hufunzwa kuongoza wadogo.

Suala hili si la Marekani peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Nature Medicine ulikadiria kuwa watoto milioni 1.04 duniani walipoteza mama kwa saratani mwaka 2020, zaidi ya theluthi moja wakiwa Afrika, na saratani ya matiti na ya mlango wa kizazi ndizo zilizoongoza. Nchini Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam ilikuwa kwa miaka mingi mahali pekee pa kupata tiba ya mionzi, na mama kutoka Kigoma alilazimika kukaa huko kwa wiki kadhaa huku watoto wakiachwa kwa bibi, pengine wakiambiwa tu kwamba mama amesafiri. Kambi haimfai mtoto aliyefichwa ukweli, kwa kuwa atapewa habari na mtoto mwenzake badala ya mzazi wake. Mahitaji mengine ya kambi yanapatikana: mabweni ya shule hubaki matupu wakati wa likizo za Juni na Desemba, na skauti na vyuo vina vijana wa kujitolea. Kulala bwenini si jambo geni kwa watoto wengi wa Afrika Mashariki, kwa hiyo mvuto wa kambi hautakuwa hema wala kitanda, bali wale watakaokutana humo.

Kinachokosekana ni orodha ya watoto wenyewe. Norway ilibadili sheria mwaka 2010 ili wahudumu wa afya wawajibike kuuliza kama mgonjwa ana watoto wadogo na kuona wanahitaji nini, na hospitali zikatakiwa kuteua wahudumu wa kusimamia jambo hilo. Katika hospitali zinazotibu saratani Afrika Mashariki, swali hilo linaweza kuulizwa na afisa ustawi wa jamii siku mgonjwa anapofunguliwa faili: ana watoto wangapi, wana umri gani, wako kwa nani, na wameambiwa nini.