Udongo Wetu na Maji ya Jirani
(Hotuba iliyosomwa mbele ya jamaa wa Iyolwa)



Nimetakiwa niseme machache juu ya ukulima, nami sina pa kuanzia ila kosa langu mwenyewe. Shamba langu la mahindi limeinamia chemchemi inayonywesha nyumba nyingi. Miaka mingi nalilima kwa jembe la ng'ombe kutoka juu kwenda chini, kwa kupenda kumaliza upesi. Kila mfereji ukawa njia ya maji. Mvua za Aprili ziliposhuka, udongo wa juu, ndio wenye rutuba, ukateremka chemchemini. Mama zetu wakachota tope, nasi tukatawadha kwa maji yenye rangi ya chai.

Mzee mmoja jirani hakunigombeza. Alileta ndoo ya maji yale mlangoni pangu, akasema, "Mwanangu, shamba lako hili, nimekurudishia."

Tangu siku hiyo mifereji yangu hukingama mteremko. Kupima usawa wake si kazi ya mhandisi. Funga miti mitatu mfano wa herufi A, miguu iwe sawa kwa urefu, kisha uning'inize jiwe kwa uzi kutoka kileleni. Uzi ukipita katikati ya mti wa kulala, miguu yote miwili imekanyaga usawa mmoja. Hapo chomeka vijiti, na tuta lifuate vijiti. Juu ya tuta nimepanda majani ya tembo, nayo hulisha ng'ombe wangu. (Ama bomba la dawa, mtu asilioshee kisimani; hilo halitaki maelezo.)

Najua wako wanaolichukia neno "matuta", wala hawakosi sababu. Katika milima ya Uluguru, Tanganyika, mwaka 1955 watu walifanya ghasia kwa kulazimishwa kuchimba matuta ya ngazi. Lakini tuta la amri ni jingine, na tuta alilolipima mtu mwenyewe ni jingine.

Ugumu uko bondeni. Mto Malaba humwagia Mpologoma, hata Ziwa Kyoga. Kanuni za serikali za mwaka 2000 zimetenga ukingo wa mita 30 kwa mito midogo, na mita 100 kwa mikubwa iliyotajwa. Simwambii mwenye mpunga wa ada ya shule aung'oe leo. Namwomba ayaache mafunjo ya ukingoni, maana ndiyo yachujayo tope.

Miti ya kipimo nimekuja nayo. Iko nyuma ya msikiti. Baada ya chakula, atakaye kujaribu na aje tupime pamoja.