DAFTARI LIWE WAZI, MFUKO WA MWANACHAMA USITIRIKE
(Maelezo yaliyotolewa kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Mpanda)



Mkulima wa tumbaku hapa Katavi hulipwa fedha nyingi kwa mikupuo michache. Orodha yenye majina na kiasi ikibandikwa ukutani, mwizi huisoma kabla mwenyewe hajafika benki. Hata hivyo, ushirika hauendeshwi gizani. Hesabu za chama ni za wanachama wote. Je, mambo haya mawili yanapatana?

Wako waliokwisha kulijibu swali hili kwa njia ya kompyuta. Tangu mwaka 2009, ilipoanza fedha iitwayo Bitcoin, kuna daftari la malipo liitwalo blokucheni, ambalo yeyote duniani anaweza kulisoma. Haliandiki majina, huandika anwani, mithili ya namba ya sanduku la posta. Lakini ukishajua sanduku ni la nani, utaona yote yaliyoingia na kutoka tangu mwanzo.

Dawa iliyobuniwa ni anwani ya siri, ambayo fedha iitwayo Monero imeitumia tangu mwaka 2014. Mpokeaji hutangaza alama moja. Mlipaji huichanganya alama hiyo na namba ya kubahatisha, akapata sanduku jipya kwa malipo hayo tu. Wasomaji huliona sanduku, wasijue la nani. Mpokeaji ana funguo mbili: mmoja wa kutazama yaliyo yake, mwingine wa kutoa fedha. Ule wa kutazama aweza kumpa mkaguzi, asimpe wa kutoa.

Lakini anwani hiyo humficha mpokeaji tu. Kumficha mlipaji na kiasi kwahitaji mbinu nyingine. Tena, mpokeaji akikusanya malipo yote katika sanduku linalojulikana, siri imevuja.

Siwashauri mnunue fedha hizo. Benki Kuu yetu ilitoa tahadhari mwaka 2019 kwamba si fedha halali nchini. Tuchukue kanuni yake tu: namba isiyobadilika ni jina la pili la mtu.

Kwa hiyo napendekeza haya:

Kwanza, ubaoni zibandikwe jumla za kilo, mauzo, makato na malipo.

Pili, orodha ya mmoja mmoja ikihitajika, itumie namba ya stakabadhi ya msimu huo, si namba ya uanachama ambayo kijiji kizima kinaijua. Kila mmoja ataona mstari wake, na wote watahakiki jumla.

Tatu, daftari lenye majina likae kwa katibu, lifunguliwe kwa mkaguzi wa COASCO na wengine wenye haki kisheria.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo yataka taarifa za mtu zitumike kwa kusudi lililokusanyiwa. Tumekusanya majina ili tuwalipe wakulima, si ili tuwaanike.

Ndugu makatibu, msimu wa malipo usitukute hatujajipanga.